Shokapu za Bisibisi

Mwanangu mpenzi Bisibisi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe pamoja na yule jirani yako anayekuwekea chakula ukichelewa kazini. Sisi hapa nyumbani hatujambo, ila goti la kushoto la baba yako humsumbua asubuhi. Likishapata joto hulisahau, akatembea kama mtu anayewahi mkutano. Cherehani yangu ni nzima, na mimi mwenyewe ni mzima kuliko kawaida. Sababu utaiona huko mbele. Usiruke mistari kama ulivyozoea.

Barua yako tuliipata. Baba yako aliisoma amesimama, akaketi akaisoma upya, kisha akanipa na kwenda kupiga rangi viatu ambavyo tayari vilikuwa vinang'aa. Mimi niliisoma kwenye meza yangu ya kazi, katikati ya vitambaa. Nimeelewa kwamba kiwandani wamekuweka kwenye shokapu za kawaida za lile gari la spoti, na wenzako uliosoma nao wamewekwa kwenye zile zinazojibadilisha zenyewe, zenye kompyuta inayosoma barabara. Nimeelewa kwamba wageni wakija hupelekwa chumba chao, na ninyi mnapitwa kama stoo. Nimeelewa pia kwamba mwisho wa mwezi unataka kuacha kazi, urudi, ufungue gereji karibu na sisi. Ulituuliza tunaonaje. Nimekawia kwa sababu sikutaka kukujibu jambo nisilolijua, na sasa ninalijua kidogo.

Unamkumbuka daktari wa meno? Yule mwanafunzi wa udereva wa baba yako aliyeigonga nguzo ya geti letu, kisha akashuka na kuiomba radhi nguzo. Siku hizi ana kliniki yake, na watu humngoja foleni wameshika mashavu. Juzi juzi alikuja hapa akasema amewang'oa watu meno ujana wake wote na sasa anataka kujifurahisha: ananunua gari la spoti. Ni hilo hilo lenu. Kinachomshinda ni kuchagua shokapu, achukue za kawaida au zinazojibadilisha. Kila aliyemwuliza alimjibu lake, mpaka usingizi ukampaa. Ndipo akakumbuka kwamba mwalimu wake ana binti kwenye kiwanda hicho, akaja kuomba tukuulize.

Baba yako alinikata jicho lile unalolijua, la kunionya nisimwage mtama penye kuku wengi. Akamwambia daktari kwamba wewe una kazi nyingi, lakini magari yote mawili yapo dukani, na waliofundisha udereva miaka hiyo yote hawashindwi kulijaribu gari. Daktari alipoondoka nikamwuliza kwa nini amemficha. Akasema tukimwambia kwamba za kawaida zimepangwa na mtoto wetu, atazichukua kwa heshima, na heshima haibebi gari kwenye kona. Alitaka kuujua ukweli wa kazi yako. Nikamwuliza, je, ukweli ukiwa mchungu? Akajibu kwamba atakuandikia mwenyewe kwa mkono wake. Na wewe unajua baba yako hushika kalamu pale tu asipokuwa na pa kukimbilia.

Halafu akaniambia na mimi nitakwenda, na nikajua kwa nini.

Labda ulikuwa mdogo mno kukumbuka jinsi baba yako alivyonitumia kazini. Mimi na gari hatupatani. Moyo hunichafuka kabla hatujamaliza mtaa; hata siku ya harusi yangu nilitapika, ndani ya gari lililopambwa maua. Mwanamume mwingine angeona ameoa balaa, baba yako akaona amepata kipimo. Kabla ya kumpeleka mwanafunzi kwenye mtihani wa leseni, aliniketisha kiti cha nyuma na mfuko wangu wa karatasi mapajani. Mwanafunzi akinirudisha salama, yuko tayari. Nikiutumia mfuko, arudi kujifunza. Huyo daktari alinitapisha zaidi ya mara moja, na mpaka leo tukikutana huangalia viatu vyangu kwanza. Baba yako husema macho ya mtu yanaweza kubembelezwa, lakini tumbo la mama yako halijawahi kumpendelea mtu.

Basi tukaenda. Duka lenyewe ni la vioo vitupu, sakafu inateleza, nikatembea kama ninayekanyaga mayai. Magari yalikuwa mawili, jekundu na la kijivu, mapacha kwa sura. Jekundu lilikuwa na shokapu zinazojibadilisha, la kijivu lilikuwa na zako. Muuzaji, mwenye viatu vya ncha na maneno mengi, hakutoka pembeni ya lile jekundu. Alitueleza vitufe vyake: bonyeza hiki gari linakuwa laini, bonyeza kile linakaza msuli, usipobonyeza kitu linajiamulia lenyewe. La kijivu alilitaja kwa kidole tu. Nikajisemea kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nikajizuia. Hatukwenda pale kuhukumu kwa methali.

Baba yako aliendesha kwanza, moja baada ya jingine, muuzaji kando yake. Aliporudi alisema haki, na nataka ujue kwamba alisema haki. Alimwambia daktari kwamba kwenye ile barabara mbovu ya nyuma ya kinu cha unga, jekundu linayameza mashimo vizuri zaidi, na anayepita njia kama hiyo kila siku ana sababu ya kulitaka. La kijivu linakuambia kila shimo ulilokanyaga, lakini likishakuambia linanyamaza. Kwenye kona linakaa, halihangaiki. Ulivyolijua asubuhi ndivyo utakavyolikuta jioni. Mengine, akasema, yatajulikana na mama.

Tukaanza na jekundu, daktari kwenye usukani na mimi kando yake, mkanda umenibana, mfuko mkononi. Mwanzo lilikuwa godoro. Tulipita ukuta wa hospitali na matuta yake nikadhani nimepona ugonjwa wangu. Tulipofika kwenye zile kona za kushuka mtoni, gari likawa linainuka polepole na kushuka polepole, na tumbo langu nyuma yake. Daktari akabonyeza kitufe, likawa gumu. Akabonyeza tena, likalainika. Sitaki kutia chumvi: kosa nusu lilikuwa la daktari, alikuwa anachezea vile vitufe kama mtoto aliyepewa rimoti. Ila mwili wangu ulishindwa kujua utegemee nini. Nilimwomba asimame, nikashuka nikakumbatia nguzo ya taa mpaka dunia ikatulia. Sikutapika, nilijikaza kisabuni. Nikawaza, kama hili lenye kompyuta limenifanya hivi, hilo la kawaida litanimaliza.

Nikapumzika, nikanywa maji, tukaingia kwenye la kijivu. Njia ile ile, dereva yule yule. Kwenye tuta la kwanza la hospitali nililisikia tuta, nikashika mfuko tayari. Tuta likaja, likapita, likaisha. La pili vivyo hivyo. Nikawa nangoja kile kichefuchefu kinachokuja baada, pale gari linapoendelea kucheza na wewe umeshachoka, na hakikuja. Tukashuka zile kona za mtoni, gari likainama kidogo tu, likashika, likanyooka. Nakumbuka ukuta wa hospitali. Nakumbuka harufu ya unga tulipokaribia kinu. Baada ya hapo, mwanangu, sikumbuki kitu.

Kilichofuata ni baba yako kugonga kioo. Tulikuwa dukani, gari limezimwa, daktari amekaa kimya mikono mapajani, na mimi mate yamenitoka mpaka kwenye kola. Nilikuwa nimelala. Mimi! Daktari anasema nililala tangu kinuni, akaogopa kuniamsha, akazunguka mji mara ya pili kuhakikisha kwamba si bahati. Nilikoroma kwenye mzunguko wa barabara.

Daktari alishuka akafunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka wodini. Muuzaji alianza tena habari za vitufe. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema analichukua la kijivu. Alimgeukia baba yako akamwuliza kama anakosea, akamkuta ameinama kwenye gurudumu la mbele, mkono kwenye tairi, kama anayempapasa mtoto kichwani. Baba yako hakuinuka. Alisema, "Shokapu hizi kazipanga binti yangu."

Muuzaji akaviacha vitufe vyake, akauliza binti gani, na hapo baba yako akainuka. Alisimulia kuanzia siku ulipoifungua cherehani yangu kwa bisibisi ukairudisha ikashona vizuri kuliko mwanzo. Tulichelewa kuondoka. Tangu siku hiyo anakwenda kwa kinyozi hata nywele zikiwa hazijaota, ili apate wa kumsimulia. Chanda chema huvikwa pete, lakini baba yako anataka kukuvika zote kumi.

Mimi nakwambia kwa lugha ya kazi yangu. Watu husifu vifungo vya gauni. Pindo likikaa vizuri hakuna anayelitaja, na likikosewa, mvaaji mzima anaonekana ovyo. Wenzako wana kitu kinachojirekebisha njiani, na ni kazi nzuri, sitaidharau. Yako haina nafasi ya kujirekebisha. Ilibidi uipatie kabla gari halijatoka getini, kwa ajili ya barabara usizozijua na watu usiowaona. Mmoja wa watu hao alikuwa mimi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata baba yako halijui. Wewe unajua kwamba nikiwa na safari sili hata punje. Asubuhi ile, baba yako akiwa bafuni, nilikula mayai ya kukaanga, mkate na siagi, na chai ya maziwa, nikaongeza nyingine. Nilitaka nitapike. Nilitaka nitapike ndani ya la kijivu, mbele ya watu, ili nirudi nyumbani nikuandikie kwa moyo mweupe kwamba kazi hiyo haikufai, rudi mwanangu. Chumba chako nilikuwa nimeshakifagia. Pazia nilikuwa nimeshalishona, la bluu, na limeshapanda dirishani. Uliposema unarudi, sikusikia kwamba unaumia. Nilisikia tu kwamba unarudi.

Nilikwenda na hila yangu tumboni, na wewe ukanilaza kama nilivyokuwa nikikulaza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mlango wa kwetu haujawahi kuwa na kufuli kwako, na ukichoka na huko, njoo. Lakini usije kwa kudhani ulichofanya si kitu. Mimi nilikitafutia kasoro kwa bidii kuliko mkaguzi yeyote wa kiwanda chenu, nikakosa.

Ndani ya bahasha hii utaona mfuko wa karatasi uliokunjwa. Usishtuke, ni msafi. Ndio niliokwenda nao siku ile, nikarudi nao kama ulivyo. Ubandike ukutani hapo chumbani kwenu kazini, na wageni wakipita, waambie waingie wauone.

Baba yako anakusalimu sana, na anauliza springi za nyuma ulizipangaje. Anataka jibu refu, la kumsomea kinyozi. Daktari wa meno anakusalimu, na anasema ukija hutalipia hata jino moja. Msalimie jirani yako, umwambie nimemshonea aproni. Pazia nimeliacha dirishani, litakungoja likizo. Kula vizuri, vaa sweta, na mwisho wa mwezi andika barua kwetu, si kwao kiwandani.

Ni mimi mama yako, kipimo cha baba yako, niliyeshindwa na kazi yako.