Kiti ya Pili ku Sinema

Elisabethville, Commune Kenya
Dimanche, tarehe 19 août 1962

Yaya yangu, dada mupendwa Constance,

Jambo sana, na jambo tena, sababu jambo moja haitoshe kwa njia ndefu ya kutoka huku mupaka Kilwa. Uko muzima? Muramu Adalbert, bwana yako, mugongo yake ilipona? Batoto banakula vizuri? Mama anaanza kusikia tena na ile sikio ya kushoto? Mi niko muzima. Meno yote iko mu kinywa, na shati yangu ya dimanche ingali inashinda shati ya bijana yote ya hapa kwa weupe. Ukisikia muntu anasema Dominique amekonda, ujue ni wivu.

Samaki ya kukauka uliyotuma na kamio ilifika. Shofere alionja kidogo ku njia, lakini aliacha bichwa, na siye ba commune Kenya tunajua kula kichwa. Aksanti sana, yaya.

Mu barua yako uliniuliza mambo mbili. Ya kwanza, filme gani nimeona siku hizi, sababu kule kwenu hakuna sinema na munachoka kuangalia maji ya ziwa. Ya pili nitaijibu, usiniharakishe. Naanza na sinema, sababu mu ile kazi ndugu yako ni professeur.

Wee uliondoka mbele ya mambo ya sinema kuanza, basi sikia. Kila samedi mangaribi kamioneti ya sinema inafika mu kiwanja nyuma ya parokia. Banatundika kitambaa nyeupe, na kila muntu anatoka na kiti yake ku nyumba. Asiye na kiti anasimama. Clovis anatumikisha mashini, na mi nakamata mikro, naeleza mu Kiswahili yote bale Bazungu banasema. Ku commune ya Katuba kuna mumoja anajaribu ile kazi, lakini ye anaeleza tu maneno aliyosikia. Mi naeleza hata ile sikusikia. Masomo yangu iliishia mwaka ya nne, Kifransa yangu ni ya garage, na Kiingereza niliokota Ndola siku nilienda kununua viatu. Lakini muntu akifungua tu kinywa ku kitambaa, mi najua anataka nini.

Filme ya kwanza ilikuwa ya bacowboy. Maoni yangu: mwenye akili mule ndani ni farasi peke yake. Cowboy haogi, hali, havui kofia, na hakuna hata siku moja anamutumia mama yake kitu. Anapiga risasi tangu asubui mupaka jua inazama na bunduki yake haiishi. Zamani tulikuwaka tunaamini. Tangu vita ya décembre ilipita mu muji yetu, hata batoto ya hapa banajua bunduki inaishaka risasi, na banaanza kulalamika: sasa anapiga na nini?

Nzuri ya ile filme ni mwisho wake. Ujue, filme ikiisha inapashwa kurudia ku gurudumu yake ya kwanza. Bengine banazima taa ya mashini na kuirudisha mu giza. Clovis, ye anaacha taa inawaka, na siye tunaona mambo yote kinyumanyuma. Moshi inaingia mu bunduki, bantu balikufa banasimama na kupanguswa mavumbi na upepo, farasi inakimbia matako mbele. Kiwanja kizima kinalia: Clovis, rudisha! Mi sikamati mapumziko, naeleza na ile pia. Nasema, muone, huyu anatema bia yake yote mu glasi, anamuachia mwenzake, ndio adabu. Bantu bamoja banakuja kwa sababu ya kurudisha tu, filme yenyewe banasinzia.

Filme ya pili ilikuwa ya mapendo, ya kule Ulaya. Bwana na bibi bako peke yao mu nyumba ya vyumba munane, na hakuna shangazi, hakuna mupwa, hakuna hata muntu wa mugini anayekuja kulala siku mbili na kubaki miezi sita. Halafu banalia eti hawana furaha. Nilibaambia bantu ku mikro: nani atabapatia furaha, kama hawana muntu wa kumusengenya? Na kila bwana akikaribia kinywa ya bibi, Clovis anaweka kofia yake mbele ya mashini, sababu mon père wa parokia alikataza tusione. Ni kusema nusu ya ile filme ilikuwa kofia ya Clovis. Kofia iko na tundu, tuliona kidogo.

Mado wangu alikuwaka anacheka sana ile kofia.

Basi nimeishalitaja jina, na njo lile uliuliza. Uliandika: Mado atarudia lini? Ngoja nifike kule polepole, yaya.

Unakumbuka baba-mukwe André, seremala, alivyotuoza. Hakutupatia sahani wala blanketi kama Bakasai bengine, bantu ba kutoka Kasai. Alituchongea biti mbili ya kukalia, moja ya miguu mirefu ya bwana, moja fupi ya bibi, na mubao ni ya muti mumoja. Zile njo tulikuwa tunabeba ku sinema kila samedi. Ya Mado naiweka pembeni ya meza ya mikro, ye anaikala pale, na siye mbili tunafanya kazi. Ye alisoma kwa ba masœurs ba misioni, Kifransa anasikia yote. Alijua kama nadanganya. Hakunitia haya mbele ya bantu hata siku moja. Nikipita mupaka na uongo ananifinya ku mukono tu, kidogo, na mi narudi mu njia. Ku nyumba sasa, wakati wa kukoroga bukari ya unga, njo ananiambia bale bantu ku kitambaa balisema nini kwa kweli, na mara mingi tunakubaliana ile yangu ilikuwa nzuri zaidi.

Mwaka jana bantu ba hapa walipoanza kuonyesha nyumba za Bakasai na kidole, eti bageni barudie kwabo, baba André na mama-mukwe balikimbilia kambi ya ONU, ya basoda ba Umoja wa Mataifa. Mado alienda nao, sababu mama yake hawezi kutembea bila mukono ya muntu. Matela yao ya kulalia nilibeba mimi mwenyewe ku kichwa, mchana, mbele ya macho ya kartie yetu muzima, na hakuna aliyenifanyia neno. Unajua mabega yangu. Kila dimanche nilikuwa naenda kubaona na unga. Tulikuwa tunasema ni mambo ya mwezi moja.

Halafu treni ilianza kubapeleka Kasai. Nilimwambia Mado nitapanda naye. Nilikuwa nimeishafunga valise. Alinishika ku mukono, pale pale anapofinyaka, na akasema, “Huku mugeni ni mimi. Kule atakuwa wee. Bakikuua, mi nitaeleza nini kwa mama yako kule Kilwa? Baki, unilindie kiti yangu.”

Basi nilibaki, na nililinda. Kila samedi nilibeba biti mbili. Ya kwake niliweka pembeni ya meza, na hata siku bantu banajaa mupaka ku ukuta, hakuna aliyesubutu kuikalia. Mulevi mumoja alijaribu. Nilimuinua na kiti na kumuweka chini yeye tu, na kiti nikairudisha pahali pake.

Sasa filme ya tatu, ya samedi iliyopita tarehe kumi na moja. Asubui ile Antoine alinifikia ku garage, pale nafanyaka kazi. Antoine anafanyaka kazi ya njia ya reli, alisafiri mupaka mbali na moja ya zile treni na sasa amerudia. Alivua kofia. Alisema baba André alikufa mu treni mbele ya kufika kwabo, pumzi iliisha tu, na balimuzika pembeni ya stasio moja ndogo ya reli. Alisema Mado na mama-mukwe bako na chumba kwa bandugu. Tena akasema, hii si maneno yangu, bwana Dominique, ni ya bibi yako, aliniambia niishike vile vile: “Mwambie aache kunilindia kiti. Mu ule muji sitatia mguu tena, na Mama sitamuacha peke yake. Muntu aikale.”

Yaya, unanijua. Hakuna siku nilikosa neno. Siku ile niliingia chini ya gari ya muzungu mumoja na nilibaki mule mupaka saa sita, na ile gari haikuwa na ugonjwa.

Lakini mangaribi nilibeba biti mbili tena. Mukono ulizoea.

Ilikuwa filme ya vita, lakini vita yenyewe haionekane. Bibi na bwana bako ku stasio. Treni inafika, bibi anapanda, dirisha linafunguliwa, mukono, kitambaa ya kuagana, treni inaenda. Bwana anabaki ku ké, pembeni ya njia ya reli, na kofia mu mukono. Na pale filme inaisha. Hawaelezi kama anarudia. Maoni yangu: muntu aliyetengeneza ile filme alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Mi na mikro yangu nilikuwa nimenyamaza tangu treni ilipofika. Kiwanja kilingoja. Siku ingine wangenipigia kelele, Dominique, eleza! Yaya, mu kile kiwanja kila nyumba iko na muntu aliyepanda ile treni: jirani, fundi wa cherehani, bwana ya binti. Nilisikia kukohoa tu.

Halafu mama Brigitte, ule anauzaka makala ku kona yetu, ambaye binti yake Jeanne alimufuata bwana yake Mukasai, alisema kule nyuma alikosimama. Hakupaaza sauti. Alisema, “Clovis, mwanangu, rudisha.”

Na Clovis akarudisha, taa inawaka.

Treni ikatoka mbali, ikakuja na mugongo. Moshi ikashuka kutoka juu mbinguni ikaingia mu tuyo, bomba ya treni. Kitambaa, mukono, dirisha. Ikasimama, na bibi akashuka kinyumanyuma, kisigino mbele, mupaka karibu ya bwana yake, na bwana akavaa kofia. Samedi zingine pale njo bantu banavunjika mbavu. Siku ile hakuna aliyecheka, hata batoto.

Nilikamata mikro. Nilisema neno moja: “Anarudia.”

Unajua mi nimedanganya filme mingi, yaya. Ile siku nilisema tu kile kilichokuwa ku kitambaa, na nilisikia ku mukono wangu pale Mado anapofinyaka, na hapakuwa na muntu.

Filme ikafika mwanzo wake na kitambaa kikabaki nyeupe. Nilisimama, nikamuendea mama Brigitte kule nyuma, nikamukamata mukono na nikamuleta mupaka ku meza. Nilimwambia, mama, ikala. Aliangalia kiti, akaniangalia. Alisema ile ni ya muntu. Nilimwambia muntu mwenyewe njo anasema uikale. Akaikala pembeni tu, kama muntu anayeogopa kuiamusha.

Kesho yake balionyesha ile filme ku Katuba, na treni ikaenda tena.

Ni vile, yaya. Jibu yako ni hii: Mado harudie. Mama akiuliza, usimwambie na haraka. Muache amalize kula. Usimuchukie Mado. Hata mi nimetafuta pa kumuchukia na sikupata. Muji huu ulimufukuza, na ye bado alikumbuka bantu banaosimama ku sinema bila kiti.

Jana samedi nilibeba moja. Ya miguu mifupi iko sasa kwa mama Brigitte, anabeba mwenyewe na kuiweka pembeni yangu. Hafinyi, lakini nikidanganya sana anasafisha koo, na ule mama hajui Kifransa hata kidogo. Sijui nani alimufundisha.

Unisalimie muramu Adalbert, umwambie ile koti aliyonipa ilikuwa ndogo kwa ukubwa wa jina langu, lakini naivaa. Salimia Angélique na Floribert na bale batoto sijaona bado, ubaambie nongo wao, ule mujomba wa sinema, anasemaka na bafarasi. Salimia Mama, polepole, ku sikio ya kulia. Mungu abachungie nyumba, abajalie maji tulivu, na kila anayetoka mulangoni kwenu asubui, amuonyeshe njia ya kurudia.

Mi ni yule yule ndugu yako anayekupenda na kukujivunia mbele ya bantu,

Dominique

Usishangae doa ya wino hapa pembeni ya jina. Mukono ulizoea kuandika “na Mado”.