Magauni ya Mwende Yamerudi Sokoni

Dada Mwende,

Hapa Tawa hakuna mtu ana bahati kama mimi. Yale magauni marefu ya belo lako la mwisho la mitumba, yale nilisema ni mapazia ya wazungu waliohama, yameisha. Siyafikishi hata kwa hanga, yananyakuliwa. Ulisema yatatafutwa tena, na mimi na elimu yangu ya darasa la sita nikakucheka.

Si unakumbuka tulivyoanza? Sketi pana, maua, nyuzi zinaning'inia mikononi, wasichana wakayapenda. Halafu jeans za kubana zikaingia, tukabaki na gunia zima. Nikataka kuyakata tushone nguo za watoto. Ukaniambia, "Kioko, weka makasi chini. Hawa watachoka kubanwa." Na kweli wakachoka, wakayarudia, wakayaacha tena. Hiyo miaka yote waliotulisha ni mama wa kanisa, kwa sababu gauni likifika kwa kifundo cha mguu hakuna pasta atalisema.

Sasa yamerudi. Siku ya soko amekuja msichana wa chuo, pete puani, bangili mpaka kiwiko, kiondo begani. Akashika lile la rangi ya matofali. "Hii ni boho safi, staili imerudi." Mimi mtu wa dunia, nimefika mpaka Busia, nikaitikia kama mtu amewahi kulala huko Boho. Kumbe Mama Mutheu wa kwaya ameshika mkono ule mwingine wa gauni.

"Hiyo ni ya ibada. Achilia."

"Susu, hii ni ya konsati."

Kumwita susu, na hata mjukuu hana. Gauni moja, huyu analivuta kwa Mungu, huyu analivuta kwa ngoma. Nikageuka nikuonyeshe. Hapo kwa kiti chako siku hizi naweka ndoo ya maji.

Mwende, mimi belo siwezi. Wewe ulikuwa unalitazama bado limefungwa, unaingiza kidole pale kona, unasema, "Hili lina kamera," na tukifungua, hizo kamera, nguo za daraja la kwanza, zote ziko juu zinatungoja. Mimi nimeingiza kidole nikatoa vumbi. Belo nililonunua mwenyewe lilikuwa la makoti ya theluji. Tawa, na hili jua. Watu walikuja kuyatazama kama maonyesho. Nilicheka nao, halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikakaa huko kidogo. Sijui nifanye nini. Nani nitamuuliza?

Basi pumzika, dada. Nitakuja kwako Kanyangi kabla ya mvua nifyeke nyasi hapo kaburini, hiyo nakuahidi, na unajua mimi kwa panga si mchezo.

Na tena, yale magauni hayajaisha. Sijauza hata moja. Kila asubuhi nayatundika, mtu akishika nasema lina mwenyewe, hata lile la matofali niliwaambia hivyo, wakaenda wakininunia wote wawili. Jioni nayakunja vile ulikuwa unakunja. Yakienda, hakuna kitu ulichochagua wewe kitabaki kwa hiki kibanda. Ile bahati nilikuandikia hapo juu ni uongo.

Kioko