Mti Mmoja wa Uani

Temeke, Dar es Salaam
Tarehe 14 Novemba, 1953

Mpendwa mdogo wangu Kokushubila,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo. Watoto wazima, Romani ameota meno mapya ya mbele, na shemeji yako Adelard naye mzima, anakula vizuri na kulala vizuri kuliko mimi. Natumaini barua hii itakukuta nawe ukiwa na afya, na kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Mguu wa baba unaendeleaje? Na mama bado anagombania nafasi yake ya mbele kanisani? Mwambie ule mkeka alioutuma nimeutandika chumba cha mbele, na kila mgeni anayeingia anauliza umesukwa wapi.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika. Unasema masista wa shule ya hapa mjini wamekukubali ufundishe kuanzia Januari, ila wanataka kwanza wapate neno la ndugu yako kwamba utakaa kwake. Nawe umewatajia nyumba yangu. Nilifurahi, Koku, sitakudanganya. Nilimsomea Adelard barua ile pale pale mlangoni, kabla hajavua viatu vya kazini. Haya yaliyofuata yametokea tangu siku hiyo, na itabidi nianze na habari ya mti, maana bila mti hutanielewa.

Hizi nyumba za Serikali tulizopewa ni nzuri, lakini ua wake ni mdogo. Upande mmoja jiko, upande mwingine choo, katikati kamba ya nguo, na kinachobaki unaweza kukitandikia mikeka miwili tu. Sasa bwana mmoja wa mji alipita akasema kila nyumba itapewa mche mmoja wa mti wa kupendeza, bure, mwenye nyumba achague mwenyewe kule kwenye kitalu cha mji. Basi mtaa mzima ukawa hauna habari nyingine. Wanaume waliokuwa hawajui hata mchicha unaota vipi wakaanza kubishana juu ya mizizi.

Mimi nilitaka mkomamanga. Ni mti mdogo, haupandi ukutani kwa watu, una maua mekundu na matunda ya watoto. Adelard alitaka mkrismasi. Nikamwambia mkrismasi ni mti wa barabarani, mizizi yake itatuvunjia sakafu ya jiko na matawi yake yatakwenda kulala kwa jirani. Akafikiri, akakubali. Akasema kweli, mke wangu, ua huu hauwezi mti mrefu. Nakuomba uyashike maneno hayo.

Hayo tuliyasema kabla ya barua yako. Ilipofika, zikapita siku chache, akarudi jioni ameushika mche kwa mikono miwili, suruali yote udongo. Nikadhani mkomamanga wangu umekuja. Kumbe ni mlangilangi.

Wewe huujui mti huu, huko kwetu haupo. Maua yake ni ya manjano, marefu, yamelegea, na yana harufu inayoingia mpaka ndani ya mito. Na ni mrefu, Koku. Ukiachwa unaipita nyumba. Nikamkumbusha Adelard kwamba mkrismasi ulikataliwa kwa urefu. Akanijibu kuwa huu ataupunguza kila mwaka. Mtu huyu ambaye kucha zake mwenyewe namkumbusha mimi kuzikata, leo atapunguza mti kila mwaka. Hapo nilianza kunusa moshi.

Asubuhi yake jirani yangu Mama Jabiri, mwanamke wa Lindi, mcheshi sana, alichungulia akaona mche umekwisha pandwa. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akaniuliza kama mume wangu anajua watu wa pwani wanaufanyia nini mlangilangi. Nikamwambia hajui, sisi ni watu wa bara. Akanieleza kwamba maua yale huchanganywa na asumini na rehani, yakafungwa kikuba cha kuvaa bibi harusi, na mengine hutupwa kitandani kwake. Akasema mtaani wanaulizana nyumba ya mume wangu karani inamngoja bibi harusi gani. Kisha, kwa kunitania tu, akauliza ni nani anayekuja Januari. Nikamjibu ni mdogo wangu. Akasema aa, basi shemeji anajiandaa. Unajua utani wa mashemeji ulivyo, hata kwetu upo, na siku nyingine ningecheka naye. Siku hiyo nilikwenda ndani nikafunga mlango nikakaa juu ya kitanda.

Najua Adelard hakujua habari za kikuba. Kosa hilo ni la watu wa bara, na nikimweleza ataona haya mpaka aung'oe. Sijamweleza. Maana kilichoniuma hakikuwa kikuba.

Usiku huo wakati wa kula nilimwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mlangilangi kaupendea nini. Akaniambia bila kusita, huku anakata ndizi, kwamba Koku anapenda mti wenye harufu. Nikauliza amejuaje. Akasema ni ile likizo yetu ya Bukoba, tulipokuwa tukitoka misa, ulimwambia njiani kwamba ukipata nyumba mjini utapanda mti unaonukia usiku, ili ukirudi kazini umechoka uupate kabla hujafungua mlango. Amelishika neno kwa neno. Akaongeza kwamba siku ile ulivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe.

Koku, gauni lile lilikuwa langu. Nilikuazima asubuhi ile kwa sababu lako lilikuwa limelowa. Nilikuwa nimelivaa mimi mwaka mzima hapa Dar es Salaam, nikalivaa Pasaka, nikalivaa ubatizo wa Romani, na sijamsikia kulitaja hata mara moja. Lilipokaa mwilini mwako nusu siku akalijua mpaka kola. Na mimi siku hiyo nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma yenu, nimebeba mtoto na mwavuli wa mama.

Tangu hapo sina raha. Nilimwuliza siku nyingine, kama mchezo, mimi napenda ua gani. Akafikiri, akasema nyekundu. Nyekundu si ua. Miaka minane nimempikia, nimemzalia, nimemfulia yale mashati ya ofisini mpaka vidole vikachubuka, na anachokijua juu yangu ni rangi. Kila jioni sasa akirudi hapiti kwangu kwanza. Anapita uani, anauinamia ule mche, anautazama kama una neno la kumwambia. Amepaka chokaa chumba cha watoto, kitakachokuwa chako. Anapiga mluzi. Sikujua kama anajua kupiga mluzi.

Usidhani nakushitaki. Wewe hujafanya lolote, na yeye pengine naye hajafanya lolote. Huenda anafurahi tu kwamba nyumba itapata mwalimu wa kuwafundisha watoto, kama anavyosema kwa majirani. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Nimekwenda mpaka kwa padre, akaniambia nisali na nipunguze maneno ya majirani. Nimesali. Lakini nikifumba macho nakuona wewe umekaa uani kwangu, umerudi kutoka shule na vitabu vyako, na yeye amekutolea kiti, na mimi niko jikoni nawasikia mnacheka. Nina wivu, Koku. Nimelitafuta neno lingine la heshima zaidi, sikulipata. Nakuonea wivu wewe niliyekubeba mgongoni.

Sasa lile ambalo limenifanya nishike kalamu. Jumanne masista waliniita shuleni. Mama Mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza kama nyumba yangu ina nafasi na kama mimi na mume wangu tuko tayari kukupokea. Chumba kipo, kimepakwa chokaa. Nikamwambia hakuna nafasi. Nikasema watoto wamejaa, na mume wangu hapendi mgeni wa kukaa muda mrefu. Alinitazama kwa huruma, akasema basi watamchukua binti mwingine, ambaye ana mjomba Ilala. Nilishukuru nikaondoka. Njiani nililia mpaka mtu mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Kwa hiyo kazi ile haipo tena, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekunyima. Utapata barua ya masista baada ya hii au kabla yake, nami sikutaka uisome ukadhani ni bahati mbaya. Adelard hajui. Bado anautilia mche maji na kuhesabu siku.

Najua sina haki ya kukuomba neno lolote, na bado nakuomba. Mwandikie shemeji yako. Mwambie umeghairi mwenyewe, umeona mama na baba wanazeeka, utabaki kufundisha huko huko. Akisikia kwako ataamini, na nyumba yangu itatulia. Ukikataa kuandika, sitakulaumu, atajua tu, na yatakayonipata nitayapokea.

Msalimie sana baba, mpe pole ya mguu. Msalimie mama, msalimie Revelian na mkewe, na wote wanaoniulizia. Watoto wanakuamkia shikamoo, na Romani anasema anakungoja umfundishe kuandika.

Ukimwandikia Adelard, tafadhali barua iwe fupi, na salamu weka moja tu, ya kawaida.

Ni mimi dada yako,
Tekla