Thawon, Taa Wako Hawakuachiwa Mtoni

Mwaka umezunguka sasa, Baba, tangu asubuhi ile ulipomaliza kubadilisha maji ya tangi la samaki wako, ukaketi kwenye ngazi kupumzika, usiinuke tena.

Ulitengeneza feni na majokofu ya mtaa mzima hapa Thonburi. Jokofu letu wenyewe lilijaa uduvi wa kuwalisha samaki. Mama akiuliza nyama aiweke wapi, ulimjibu, "Kwani nyama ina haraka gani?"

Tangi lilikaa pale ambapo nyumba nyingine huweka makochi. Wageni walikaa mkekani, wakiwatazama wale samaki watatu bapa aina ya taa, weusi wenye madoa meupe, wakipita chini ya maji kama sahani zenye uhai. Uliwalisha kwa kiganja. Ulitukataza kuwagusa mkiani, kwenye mwiba wenye sumu, lakini hukutufundisha kuwaogopa.

Uligombana na watu mara chache, na ukishagombana ulikwenda kusafisha chujio.

Wiki iliyopita dada yako, Shangazi Lamyai, alikuja na beseni. Alitaka tuwaachie taa mtoni, penye gati la hekalu, kama watu wafanyavyo mwaka wa marehemu unapotimia, ili thawabu ikufikie.

"Ndugu yangu atapataje njia nyeupe huku kafungia viumbe kwenye kioo?" alisema. "Nileteeni huyo dume, tuanze naye."

Nilimwambia, "Shangazi, hawa si samaki wa mto huu. Wamezaliwa humu humu ndani."

"Na wewe umezaliwa humu humu ndani. Mbona ulikwenda chuo?"

Tulicheka, lakini beseni hakuliweka chini. Ni mkubwa wetu. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Alikwisha kukunja mikono ya blauzi Mama alipomsogelea.

"Wifi, pale gatini watoto wanaoga. Mmoja akimkanyaga, thawabu ataipata nani?"

Shangazi aliliweka beseni chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nimpelekee nini? Mwaka mzima, niende kwake mikono mitupu?"

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba hakuwa na ugomvi na samaki wako.

Mama alimwekea uduvi mkononi. "Walishe. Nyoosha kiganja, vidole vibane." Yule taa jike mkubwa alipanda ukingoni mwa tangi, akajilaza juu ya mkono wake wote.

"Uwii! Ananibusu au ananila?"

"Anakula, wifi. Tulia."

Alitulia. Alilisha mpaka bakuli likaisha, kisha akaomba maji ya kunywa. Hakuyanywa. Alipiga magoti kando ya tangi, akayamimina polepole kwenye kibakuli, akilitaja jina lako, kukukabidhi thawabu ya kile chakula. Alilitaja lile la utotoni, ambalo sisi hatukuwahi kulisikia.

Naamini ilikufikia. Kama kumfungulia kiumbe ni wema, kubaki na yule asiyeweza kujitafutia nako ni wema, na wewe uliufanya kila siku bila kuupa jina. Shangazi sasa huja kila Jumapili. Hataki tena mtu mwingine awalishe siku hiyo.

Unakumbukwa na mkeo Buppha, dada yako Lamyai, binti yako Ratri, na majirani ambao feni zao bado zinazunguka.

Maadamu tupo, Baba, utakumbukwa.