Viazi Visivyolainika

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Baridi haijakumaliza? Mimi mzima, ila nimechanganyikiwa. Tangu tumzike baba yako nimebaki na mmea wake nyuma ya jiko, mrefu kunipita, majani mapana, maua madogo ya njano. Nilipomuuliza alikuwa anacheka tu: "Subiri mwanao aje, tutakula pamoja." Sasa umekauka, nimeuchimba. Lo! Viazi vinono kama mkono wangu! Nimechemsha mpaka kuni zimeisha, havilainiki. Ni muhogo? Ni dawa? Wewe na baba yako lenu lilikuwa moja, hebu nijibu upesi.

Mama yako

16 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, zinazougua ni mashine za kufulia hapa hotelini. Pole na kuni zako. Hiyo ni yakoni, zao la ugenini, mimi ndiye niliyemtumia Baba mbegu yake. Haipikwi, Mama! Ianike juani kidogo izidi utamu, imenye, uitafune mbichi kama tunda. Alitaka kukushangaza siku nitakayokuja. Tafadhali panda tena, nije tuile kama alivyosema. Likizo bado mabosi wananizungusha.

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Miguu inauma, lakini si ya kukutisha. Kweli ni tamu! Nimekula moja nikalia, nikala na ya pili. Ila niliyopanda imeoza yote. Nilichagua vile vinono kupita vyote, maana mbegu huchaguliwa iliyo bora, ndivyo nilivyolima miaka yote. Nimefukua nikakuta uji mtupu. Nimekosea wapi? Naona kama nimemzika baba yako mara ya pili.

Mama yako

20 Mei

Shikamoo Mama,

Natumai miguu imepoa. Futa machozi, kosa ni langu, sikukueleza. Vinono ni vya kula tu, havichipui. Mbegu ni vile vinundu vyekundu, vibaya vya sura, vilivyoshikana chini ya shina. Viko wapi? Huku sipati tena, aliyenipa amehama. Niambie hukuvitupa!

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

U mzima? Kaa chini kwanza. Vinundu nilizibia tundu la uzio wanapopita kuku wa jirani. Nilivishindilia na matope, kwa hasira, maana unajua hatusemezani. Barua yako ilipofika nilikimbia na jembe, miguu nikaisahau. Upande wangu, patupu! Nikameza kiburi, nikapiga hodi kwake.

Jirani alinitazama kama ameona mzuka. Akanipeleka nyuma. Mwanangu wee! Majani mapana, yamenifika magotini, na amewawekea kuku wake kizuizi cha miti wasiyaguse. Anayamwagilia maji kila jioni.

"Sijui ni kitu gani," akasema, "lakini yanafanana na ya marehemu. Nikaona yasife."

Mimi niliyemnunia mwaka mzima! Nilishindwa kujua nilie au nicheke, nikafanya yote mawili, naye akafanya vivyo hivyo. Hatuyang'oi. Yatakomaa hukohuko kwake. Anasema siku ya kuchimba tutakula watatu.

Mimi mmoja, yeye wa pili. Waulize hao mabosi wanaokuzungusha na likizo, wa tatu yuko wapi?

Mama yako