Kijani chini ya mastiki

Alhamisi. Asubuhi mvua ndogo, mchana jua kali lisilokausha kitu. Vumbi jeusi la volkano limerudi hata kabla matope hayajakauka, na kwa mutu wa rangi hakuna adui kama vumbi hilo.

Nina hasira. Ninaandika ili nisiimalizie kwa watu wa nyumbani kwangu, ambao hawana kosa.

Kwa wasionijua: mimi ni Kambale, fundi wa kunyoosha bodi za magari na kuzitayarisha kwa rangi, tolier kama tunavyosema hapa Goma. Nina miaka hamsini. Kwa karibu wiki mbili sasa ninashinda kwa papa, baba yangu, mtaani Keshero, nikishughulika na gari yake ya zamani. Ni gari ya spoti, nyekundu, milango miwili, pua ndefu. Aliinunua enzi zile biashara yake ya kahawa ilikuwa bado inasimama. Mwaka wa lava, volkano ilipomwagika mjini, aliikimbiza mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kabla ya kukimbiza godoro. Mukubwa wangu, kaka yangu Paluku, ni padri, na Jumapili ijayo anatimiza miaka ishirini na tano ya upadri. Muzee anataka gari hiyo imfikishe mlangoni mwa kanisa iking'aa.

Akaniita mimi. Angemwita nani mwingine?

Rangi yenyewe niliitafuta katika maduka ya Birere siku tatu. Nilikuwa ninafanya kazi kwa moyo, lazima nikiri. Nilifikiri labda safari hii, akiiona imekuwa kama mpya, muzee atanitazama kwa jicho lingine.

Maana kuna habari ya zamani kati yetu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Jumamosi moja papa alinipa ufunguo nipeleke gari ziwani kuiosha, kama nilivyozoea kufanya; nilijua kuiendesha polepole, na kutoka nyumbani mpaka majini si mbali. Nikaiosha, nikairudisha, nikatundika ufunguo kwenye msumari wake. Jumapili asubuhi, tukijitayarisha kwenda misa, papa akakuta ubavu wa nyuma, upande wa kulia, umebonyea vibaya. Nikasema si mimi; sikuruhusiwa hata kusogea kuutazama. Paluku alikuwa na miaka kumi na tisa, na barua ya kumpokea seminari kubwa ilikuwa imeshafika. Akasema aliniona nikiingia kwa mwendo mkali.

Yakaishia hapo. Papa alinichapa, na alama za fimbo zilipona. Neno "mwongo" ndilo halikupona. Wiki iliyofuata nikapandishwa lori la Butembo, kwa papa mudogo, mdogo wake papa, ambaye alikuwa na garaji. Shule sikurudi tena. Kazi hii inayonilisha niliipatia kule, na watu husema nina mkono mzuri.

Mama alifariki nikiwa kule, mwaka wa pili. Barabara ilikuwa mbovu. Nilifika siku mbili baada ya maziko.

Sasa leo.

Upande wa kushoto nilikuwa nimeumaliza, nikahamia kulia na msasa. Nilipogonga kwa kidole, sauti haikuwa ya chuma. Ilikuwa nzito, kama ya ukuta. Nikajua kuna mastiki, ule uji mzito tunaoupaka penye bonde dogo la chuma, ukakauka, tukausugua kabla ya rangi. Mastiki kidogo si dhambi. Lakini hii ilikuwa nene kama kidole gumba! Aliyeifanya hakunyoosha chuma wala hakukwangua kilichokuwa juu yake. Alijaza, akalainisha, akapaka rangi, akaenda zake. Nikaingiza patasi nyembamba pembeni, na bamba zima likabanduka, likaanguka miguuni mwangu.

Niliinama kuliokota huku nikimtukana fundi huyo. Upande wa ndani ulikuwa wa kijani.

Chuma nacho kilikuwa na mistari ya kijani, imekwaruza bonde zima kwa urefu, na katikati palikuwa na shimo la duara, ukubwa wa nati. Kijani kile nilikitambua palepale. Geti la parokia yetu ya zamani lilikuwa la rangi hiyo, kijani kizito kinachokaribia kuwa cheusi, na komeo lake lilitokeza nje. Watoto wote wa kwetu tulichanikia magoti pale. Geti lilikwenda na lava, pamoja na ukuta wake. Parokia ilikuwa upande wa mjini. Ziwa liko upande mwingine kabisa. Na Jumamosi jioni palikuwa na mazoezi ya kwaya, na katika nyumba yetu aliyekuwa akiimba ni mmoja tu.

Nilikaa juu ya tairi.

Kisha nikalichukua bamba lile, nikaenda barazani. Papa ana miaka themanini na minne, macho yake bado ni mazuri. Alikuwa na redio yake. Nikaliweka juu ya magoti yake, kijani kikitazama juu. Akazima redio, akalipitishia kidole gumba polepole.

"Sentinel wa parokia, ule mulinzi wa geti, alikuya siku ya tatu," akasema. "Aliniambia ni Paluku aligonga geti."

Siku ya tatu. Mimi nilipanda lori siku ya tisa.

Nilimuuliza kwa nini. Akanieleza bila haraka, kama mutu aliyeliweka jibu tayari kwa miaka. Barua ya seminari ingeweza kufutwa. Paroko alikubali kunyamaza, mradi geti litengenezwe. Ndiyo sababu gari nayo ilitengenezwa mbio mbio, kwa fundi asiyejulikana mtaani, kabla watu hawajaanza kulinganisha. Nikauliza: na mimi?

"Wewe ulikuwa na mikono," akasema. "Nilijua hata nikutupe wapi, utaishi."

Nafikiri alidhani ananisifu.

Lilibaki jambo moja tu la kuuliza.

"Papa, mama alijuaka?"

Akatazama upande wa ziwa. "Hapana. Angeambia kila mutu."

Mama aliniandikia barua moja tu kule Butembo, ikaletwa na dereva wa lori. Aliniomba nikubali kosa, niombe msamaha, nirudi nyumbani. Sikumjibu. Nilikuwa na hasira naye kuliko na wote, kwa sababu yeye ndiye nilidhani angeniamini. Hilo sijawahi kulisema popote. Akafa akingoja jibu, na mwanamume aliyelala kitanda kimoja naye alikuwa nalo mdomoni kila usiku.

Muzee akanishika mkono. Akaniomba nisimwambie Paluku kitu kabla ya Jumapili. Sikukuu ni ya familia yote, wageni wameshaanza kufika kutoka Beni. Nikautoa mkono wangu, polepole, ili nisimuumize.

Nikarudi kwenye gari. Nikachukua nyundo, nikaweka kipande cha chuma cha kukingia upande wa pili, nikainua mkono. Sikupiga. Yalinijia mawazo ambayo ninayaonea haya. Kwanza niiache hivyo hivyo, Paluku afike kanisani na gari yenye kidonda. Halafu nijaze mastiki mpya, ninyamaze, niwe kama wao.

Mwisho nikampigia Paluku simu. Alipokea kwa furaha, akauliza kama nyekundu itakuwa ileile ya zamani. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia kwamba kesho ninapaka apre, ile rangi ya kijivu inayotangulia, na ikishapita juu ya chuma hakuna atakayeona kitu tena.

"Ukuye mbele nipake ile," nikasema. "Ukuye uone ubavu wa kulia."

Hakuuliza una nini. Asiyejua angeuliza.

"Nitakuya nyuma ya misa ya kwanza," akasema. Haikuwa sauti yake ya mimbari.

Chuma nimekipaka mafuta, maana hapa kikilala uchi na unyevu wa ziwa, asubuhi kina kutu. Bonde sijaligusa.

Sitaki anieleze mapenzi ya Mungu. Sitaki hata anililie. Ninataka aweke mkono wake pale, aseme ni yeye, muzee akiwa amekaa karibu anasikia. Halafu nitainyoosha na kuipaka vizuri, kwa sababu kazi mbaya sijui kuifanya. Kama nitakwenda kanisani Jumapili, hilo bado sijui. Na kama atakataa mbele ya chuma chenyewe, nitafanya nini?

Misa ya kwanza inaisha saa moja na nusu. Mimi nitakuwa pale penye gari tangu saa kumi na mbili.