Sahani Tatu za Wifi

Kijiji cha Mandeya,
Gutu, Zimbabwe.
9 Oktoba 2019

Mpendwa Dada Chenayi,

Hujambo huko Gaborone? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, tunangoja mvua tu. Ila kichwa changu hakijatulia. Sijui kama nimekosea, na kama nimekosea, sijui wapi.

Tangu muhula ufunguliwe nimejitolea kupika uji shuleni pamoja na akina mama wenzangu. Sheria ni moja: mtoto aliye kwenye orodha ya mwalimu, sahani moja. Unga ni wa kupimwa, tukizembea haufiki Desemba.

Sasa, unamkumbuka Netsai, kitindamimba wa marehemu baba mkwe? Ana miaka minane na mapengo mbele. Siku ya kwanza alikula, akarudi na sahani. "Mke wetu, ongeza." Nikaongeza. Akarudi tena, na ikawa hivyo kila siku. Unajua tulivyolelewa: wifi ni wifi, hata kama unamfuta kamasi. Ningemkatalia vipi, nami kila asubuhi nampigia magoti kumsalimu? Wenzangu walicheka sana. "Leo umepatikana, mke wa watu," akasema Mama Tendekai.

Wiki ya tatu kicheko kiliisha. Wakaanza kusema ninalisha nyumba ya mume wangu kwa chakula cha watoto wa wote. Wameita kikao Ijumaa. Nasikia nitaondolewa jikoni, na Netsai afutwe kwenye orodha. Nilikasirika, nikaona haya pia, sijui kipi kilitangulia.

Jana nikamfuata. Dada, zile sahani mbili hali hata kijiko. Nje ya uzio kuna watoto wawili wa yule mama aliyehamia hapa mwaka huu. Hawana vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo hawajaandikishwa shule. Netsai alikuwa amewasimamia, mikono nyuma. "Kula, wewe. Ndege utawaangalia baadaye."

Nimechanganyikiwa. Nikisema ukweli, wale wawili watafukuzwa pale uziani. Nikinyamaza, Netsai ndiye atakayekosa. Jana nilimweleza mume wangu; akaniambia nifuate sheria, kisha usiku akaniuliza kama wale watoto wamekula. Leo uji nimeutia chumvi mara mbili.

Asubuhi nilipokuwa nimepiga magoti, nikamweleza Netsai habari ya kikao. Akafikiri, akijikuna mguu.

"Waambie mimi ndiye niliyekuamuru," akasema. "Nitakuja niseme mwenyewe. Wewe ni mke tu, utafanyaje?"

Nilicheka, Dada, halafu nikalia mbele yake bila kujificha. Gauni lake la kanisani nimelifua, liko kambani. Ijumaa nitaingia kikaoni nyuma yake.

Msalimie shemeji, na Tapiwa, na mama mwenye nyumba wenu. Mungu awape usingizi mzuri na jirani wema. Nawe ukipata neno la kunishauri, litume upesi.

Ndimi mdogo wako akupendaye, mke wa watu,
Shorai